Nafasi Kati ya Atomi: Sumaku Inapobanwa

Walimu wenzangu, wanafunzi, na nyinyi mafundi mliofunga vibanda vyenu asubuhi hii ili mje kusikiliza habari za atomi, karibuni na asanteni sana.

Hapa mezani nina vipande viwili vya sumaku. Nilivitoa kwenye diski ya kompyuta iliyokwisha kufa, na mafundi mnavijua: vimepinda kama mwezi mchanga, vinang'aa kwa sababu vimepakwa nikeli, na kila kimoja kimegandishwa kwenye bamba la chuma. Hiki cha kushoto kimebanduka pembeni. Ukikitazama kwa karibu unaona kuwa ule mng'ao ni wa juu juu tu. Ndani ni rangi ya kijivu iliyokolea, yenye chembechembe, na ukikwaruza kwa kucha kinatoa unga. Nimeweka ubao katikati yao, kwa sababu vikiachiwa vinarukiana kwa kishindo, na ngozi ikiwa katikati inatoka damu. Kidole changu hiki cha shahada ni shahidi.

Nina jambo moja tu la kuwaeleza leo. Nguvu yote hii inategemea nafasi, yaani ule upenyo mdogo ulioko kati ya atomi moja ya chuma na jirani yake. Ukiupunguza kidogo tu, sumaku inaanza kulegea. Tumelijua hilo kwa kuzibana sumaku kwa shinikizo kubwa na kuona zinafanya nini.

Nianzie Kolwezi, kusini mwa Kongo, mji ambao mtu wa Dodoma akifika anauliza njia kwa Kiswahili na anajibiwa. Katika miaka ya 1970 sumaku kali kuliko zote zilikuwa za samariamu na kobalti, ambazo Karl Strnat na wenzake waliziibua huko Dayton, Marekani, katikati ya miaka ya 1960. Na kobalti nyingi ya dunia ilikuwa ikitoka Katanga, jimbo ambalo enzi hizo liliitwa Shaba. Mei 1978 waasi waliotokea Angola wakaiteka Kolwezi. Watu wengi wakauawa, migodi ikasimama, bei ya kobalti ikaruka mara kadhaa. Watengenezaji wa mota na spika huko Japani na Marekani wakatambua kwamba kazi yao imening'inia kwenye mji mmoja.

Chuma kilikuwepo tele, kwa bei ndogo, na atomi ya chuma ina usumaku mwingi kuliko atomi ya kobalti. Kwa nini basi wasiyachanganye madini adimu, yaani metali za jamii ya samariamu na neodimiamu, na chuma? Walikuwa wameshajaribu. Ukichanganya neodimiamu na chuma, atomi 2 kwa 17, unapata fuwele nzuri, yaani atomi zimepangika kwa utaratibu unaojirudia, lakini ikipashwa joto hadi nyuzi 60 hivi usumaku wake umekwisha. Nyuzi 60! Chai mliyokunywa asubuhi ilikuwa na joto zaidi ya hapo. Sumaku ya namna hiyo huwezi kuifunga kwenye mota yoyote.

Kile kiwango cha joto ambacho sumaku ikikifikia inapoteza mpangilio wake tunakiita joto la Curie. Kishikeni, kwa sababu ndicho kipimo changu leo kuanzia hapa mpaka mwisho.

Miezi michache kabla ya yaliyotokea Kolwezi, Januari 1978, Masato Sagawa, aliyekuwa akifanya kazi Fujitsu, alihudhuria mkutano jijini Tokyo. Akasikia maelezo kwamba tatizo la fuwele zile za chuma ni atomi za chuma kukaribiana mno. Akawaza: nikipenyeza atomi ndogo, tuseme kaboni au boroni, hazitaweza kuzisogeza zile za chuma zikapata nafasi? Wazo hilo halikumtoka. Mwaka 1982 aliacha kazi, akahamia Sumitomo Special Metals, na haikuchukua muda akaipata sumaku hii hii iliyopo mezani. Marekani, John Croat wa General Motors alikuwa ameifikia kwa njia yake mwenyewe, na habari za pande zote mbili zikatangazwa Pittsburgh, Novemba 1983.

Kipimo chake ni neodimiamu 2, chuma 14, boroni 1. Kwa uzito, boroni ni asilimia 1 tu ya kitu kizima, lakini hiyo asilimia 1 ilipandisha joto la Curie mpaka nyuzi 312. Mimi kinachonigusa zaidi ni hiki: Sagawa alilifahamu tatizo barabara, ila boroni ilifanya kazi kwa namna ambayo yeye hakuiwaza. Haikuingia kwenye fuwele ya zamani na kuitanua. Ilizaa fuwele mpya kabisa, ambayo tofali lake moja, yaani kile kipande kidogo kinachojirudia kuijenga fuwele nzima, lina atomi 68, na 56 kati ya hizo ni za chuma. Lile wazo la kutanua lilikuja kutimia mahali pengine, miaka kadhaa baadaye. Nitalifikia.

Sasa, kwa nini ukaribu uwe shida? Kila atomi ya chuma ni sumaku ndogo, na inajipanga kufuatana na majirani zake kupitia elektroni zao. Zikiwa katika umbali fulani, elektroni hizo zinapendelea kuelekea upande mmoja. Zikisogezwa karibu zaidi, mapenzi hayo yanapungua, na mwisho yanageuka kinyume. Fikirieni daladala ya saa kumi na mbili jioni. Abiria wakiwa na nafasi, wote wanatazama mbele. Wakibanwa uso kwa uso, huyu anageuzia shingo dirishani, yule anageuzia mlangoni.

Ndani ya sumaku hii atomi za chuma zimekaa kwenye viti vya aina sita, na umbali kati yao haulingani. Jozi nyingi zina nafasi ya kutosha. Lakini zipo chache zilizokaribiana mno, ambazo zenyewe zingependa kutazamana kinyume. Zinaburuzwa tu na wingi wa wenzao. Chuma kitupu kinashika usumaku wake mpaka nyuzi 770. Sumaku hii, ambayo kwa sehemu kubwa ni chuma, inaishia 312. Jozi zile chache zina mchango mkubwa katika tofauti hiyo.

Haya, tuibane.

Kipimo chetu cha shinikizo ni gigapaskali. Gigapaskali 1 ni kama mara 10,000 ya shinikizo la hewa iliyomo humu ukumbini. Tazama ukucha wa kidole chako kidogo, eneo lake linakaribia sentimita moja ya mraba. Lipandishe juu ya ukucha huo lori lenye uzito wa tani 10, tairi zote, na hapo ndipo unapata gigapaskali 1.

Mtu wa kwanza kuifanya kazi hii kwa bidii ya maisha yake yote ni Percy Bridgman wa Harvard, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1946. Mashine zake zilikuwa kubwa na nzito. Kisha mwaka 1958, katika maabara ya serikali ya Marekani iliyoshughulikia vipimo, huko Washington, wanasayansi wanne walitengeneza kifaa kinachoenea kiganjani. Almasi walizotumia mwanzoni zilikuwa zimekamatwa kwa wasafirishaji wa magendo.

Kifaa hicho nimekitumia, na nitawaeleza kilivyo kwa sababu naona ni kizuri sana. Kwa ukubwa ni kama kopo dogo la mafuta ya mgando. Ndani yake zimo almasi mbili zinazoangaliana, ncha kwa ncha, na kila ncha imekatwa ikawa bapa, upana wake sehemu 3 za kumi za milimita. Katikati unaweka kibati chembamba cha chuma cha pua chenye tundu ambalo bila hadubini huwezi kuliona vizuri. Ndani ya tundu hilo unaweka punje ya sumaku, ndogo kuliko chembe ya chumvi ya mezani. Unaweka na chembe ya yakuti nyekundu. Kisha unadondoshea mchanganyiko wa pombe mbili ili shinikizo lienee pande zote sawasawa. Unafunga. Unaanza kukaza skrubu, robo mzunguko huku, robo mzunguko kule.

Na nguvu inayohitajika ni ndogo ajabu. Ncha ikiwa na upana huo niliousema, ili kufikia gigapaskali 10 unahitaji uzito wa kilo 70 na kitu. Uzito wa mtu mmoja, jamani. Eneo ni dogo mno, ndiyo maana. Mara ya kwanza nilipofanya mwenyewe nilikaza upande mmoja kupita mwingine, almasi moja ikapasuka, na mlio wake ulikuwa mdogo kama wa punje ya mahindi inayopasuka kwenye sufuria. Nilikaa kimya muda mrefu. Tangu siku ile sikazi skrubu bila kuhesabu kwa sauti.

Shinikizo lililomo ndani unalipima kwa ile yakuti. Ukiipiga mwanga wa leza wa kijani inang'aa nyekundu, na kadiri inavyobanwa wekundu wake unazidi kukolea, kwa kiasi kinachojulikana. Usumaku wenyewe unaupima kwa vikoili vya waya mwembamba vilivyozungushwa karibu na ncha za almasi, au kwa eksirei. Unapandisha joto polepole huku unasubiri ishara ya usumaku ianguke. Mahali inapoangukia ndipo joto la Curie lilipo. Unaongeza shinikizo, unarudia.

Na majibu? Kwa kila gigapaskali 1, joto la Curie la sumaku ya neodimiamu linashuka zaidi ya nyuzi 20. Pima hilo kwa makini. Gigapaskali 1 inapunguza ujazo wa fuwele kwa chini ya asilimia 1. Umbali kati ya atomi unapungua kwa sehemu kama 2 tu katika 1,000. Mabadiliko madogo kiasi hicho, na sumaku imepoteza zaidi ya nyuzi 20 za uvumilivu wake. Hata nguvu ya kila atomi ya chuma, ukiacha mpangilio wao, inapungua. Ziko fuwele chache sana zinazolalamika haraka hivyo.

Kuna namna ya pili ya kuliona jambo hili bila almasi wala skrubu. Vitu karibu vyote vikipoa vinasinyaa. Chukua sumaku hii ikiwa na joto la nyuzi 400, ipoze. Inasinyaa kama kawaida mpaka inapofika karibu na 312. Hapo usumaku unaamka, na fuwele inaanza kukataa kusinyaa; upande mmoja wa tofali lake hata unatanuka wakati kitu kizima kinapoa. Atomi zikishajipanga zinadai nafasi zaidi, na fuwele inawapa. Sasa kitu ambacho kikitokea kinatanua fuwele, ni wazi kuwa shinikizo litakipinga. Hayo ni mambo mawili yenye chanzo kimoja. Ndivyo ilivyo pia kwa Invar, ule mchanganyiko wa chuma na nikeli ambao haubadiliki urefu kwa joto la kawaida, uliompatia Charles Guillaume Tuzo ya Nobel mwaka 1920 na kutumika kwenye saa na vipimo vya ardhi.

Sasa turudi kwenye wazo la Sagawa. Ikiwa kubana kunadhoofisha, je, kutanua kutaimarisha? Huwezi kuivuta fuwele pande zote kwa koleo. Lakini unaweza kuitanua kutoka ndani. Mwaka 1990, Trinity College mjini Dublin, Michael Coey na Hong Sun walichukua unga wa samariamu na chuma, 2 kwa 17, wakaupasha joto ndani ya gesi yenye naitrojeni. Atomi za naitrojeni zikapenya na kukaa kwenye mianya. Fuwele ilibaki na umbo lile lile ila ikavimba, ujazo ukaongezeka kwa asilimia 6 hivi. Joto la Curie likatoka nyuzi 116 likafika 476.

Nyuzi 360 zaidi, kwa gesi ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayopumua! Mimi kila nikifundisha hapa nasimama kidogo. Naitrojeni haina usumaku wa kuchangia. Kazi yake kubwa ni kuwasogeza wengine, ingawa pia inabadilisha mazingira ya samariamu hadi usumaku wote ukashika mhimili mmoja, jambo ambalo sumaku ya kudumu haiwezi kuishi bila hilo. Wanafizikia wanakuita kutanua huku shinikizo hasi, na nadhani jina hilo limekaa mahali pake.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kabla hatujaanza: na hayo madini adimu yenyewe, yanafanya nini yakibanwa? Swali zuri. Chuma ndicho kinacholeta wingi wa nguvu. Neodimiamu inashika mwelekeo, ili usumaku usigeuzwe ovyo. Elektroni zake za usumaku zimejificha ndani kabisa ya atomi, zimekingwa na zile za nje, kwa hiyo shinikizo dogo haliziumizi sana. Isipokuwa kwa seriamu, nayo ni mojawapo ya madini adimu. Elektroni ya seriamu iko mpakani, haijulikani kama ni ya ndani au ya nje. Kipande cha seriamu tupu kikibanwa kwa chini kidogo ya gigapaskali 1 kinaporomoka ghafla, ujazo unapungua kwa asilimia 15 hivi bila atomi kubadilisha mpangilio wao, na usumaku wa ile elektroni unapotea.

Kobalti nayo ina ghafla yake. Mwaka 2006 watafiti wa Ulaya waliibana fuwele ya itriamu na kobalti, ndugu wa samariamu-kobalti. Ilivumilia vizuri kuliko za chuma, ikavumilia tena, kisha ilipofika gigapaskali 19 hivi urefu wake upande mmoja ukaporomoka. Hesabu zao zilikuwa zimetabiri hivyo: usumaku ulikuwa unaitegemeza fuwele, nao uliposhindwa fuwele ikaanguka. Na dispirosiamu, mojawapo ya madini adimu, ambayo viwandani huongezwa kwenye sumaku za magari ya umeme ili zivumilie joto, inakwenda kinyume na yote niliyosema: ikiwa peke yake na ikibanwa kupita gigapaskali 100, mpangilio wake wa usumaku, ambao kwa kawaida unataka baridi kali, unapanda hadi kupita joto la ukumbi huu. Nafasi ina sheria zake kwa chuma. Kwa madini adimu yenyewe, katika shinikizo kali namna hiyo, elektroni zinazopitapita kati ya atomi ndizo zinazoongoza.

Nimeitaja seriamu kwa makusudi. Huko Ngualla, mkoani Songwe, kuna mlima wenye madini adimu, masalia ya volkano ya kale. Gakara huko Burundi nako yapo. Katika madini ya namna ya Ngualla, karibu nusu ya madini adimu yaliyomo ni seriamu. Neodimiamu ni sehemu ndogo zaidi. Neodimiamu ndiyo yenye bei. Seriamu inabaki kwenye lundo, inatafutiwa soko. Mtu akisema tuweke seriamu badala ya neodimiamu kwenye sumaku, inawezekana, fuwele inakubali, lakini joto la Curie linashuka hadi nyuzi 150 hivi. Atomi ya seriamu ndani ya fuwele hiyo ni ndogo kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu ya ile elektroni yake ya mpakani, na inawavuta majirani. Ni kama sumaku imezaliwa ikiwa imeshabanwa. Kwa hiyo anayejua shinikizo linafanya nini anajua pia aiweke wapi seriamu na kwa kipimo gani. Mwaka 2018 Toyota ilitangaza sumaku ambayo sehemu ya neodimiamu imebadilishwa kwa seriamu na lanthanamu, ikapangwa ili neodimiamu ibaki ngozi ya nje ya kila punje. Napenda siku moja vijana wa vyuo vyetu waifanye kazi hiyo kwa seriamu ya Songwe, na vifaa vya kuanzia si vya bei ya kutisha. Kifaa kile cha almasi kinaenea mfukoni.

Fundi pale nyuma ameniletea karatasi, anasema anatengeneza pampu za visima virefu zenye mota za sumaku, anauliza kama kina kinaua sumaku. Ndugu yangu, kwenye kisima cha mita 100 shinikizo la maji ni sehemu 1 katika 1,000 ya gigapaskali. Joto la Curie litashuka kwa sehemu 2 au 3 za mia za nyuzi moja. Hata chini kabisa ya bahari, kilomita 11, ni kama gigapaskali 0.11, sawa na nyuzi 2 au 3 tu. Kinachoua pampu yako ni joto la koili, kwa sababu sumaku za kawaida za aina hii hazitakiwi kupita nyuzi 80, zinaanza kupoteza nguvu mapema kabla hata ya joto la Curie. Na cha pili ni maji yenyewe yakipata upenyo kwenye nikeli. Uliza sumaku ya daraja gani kabla hujanunua, na ukiona ngozi yake ina mkwaruzo, irudishe.

Hiki cha kushoto, kilichobanduka, kilikuwa na mkwaruzo mdogo tu nilipokitoa kwenye diski. Nilikisahau karibu na sinki miezi ya mvua. Njooni mbele mkione, wanne wanne. Saa, simu na kadi za benki ziacheni vitini, na ubao wa katikati asiutoe mtu.